Mwanangu, poza uji

Mwanangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Umeniuliza ufanye nini ili hofu ile inayokukamata ofisini, moyo ukaenda mbio na kifua kikabana, isikurudie tena, na kama hiyo ndiyo dalili kwamba uiache kazi. Dawa ya kuizuia isije sina. Ninalolijua ni la kufanya ikishafika, na hilo nilifundishwa juu ya pantoni ya Pangani.

Ilikuwa mapema mwaka 1998, mvua za El Niño zimeujaza mto, nasi tunatoka kwa bibi yako Mkwaja. Ulikuwa na miaka minne, umenilalia begani. Katikati ya mto vidole vikafa ganzi, midomo ikanichonyota, nikawa nahema kama niliyekimbizwa, nikajua ndiyo kufa. Mama mmoja mwenye tenga la samaki akakupokea mikononi mwangu bila kuuliza neno, akaninawisha uso kwa maji ya kwenye dumu lake, akasema, "Poza uji." Nikadhani ananikejeli. Akanionyesha: anavuta hewa kidogo kwa pua, kisha anaipuliza taratibu, midomo ameibana, kama apozaye kijiko cha uji wa mtoto asitake umwagike. Nikapoza uji usiokuwapo, huku akinihesabisha minazi ya ng'ambo mmoja mmoja, na tulipofika wa kumi na saba vidole vikawa vyangu tena.

Baadaye daktari alinipima moyo, akaukuta mzima, ndipo akanieleza kwamba kuhema ovyo huitoa hewa ukaa mwilini kupita kiasi, na ganzi na kizunguzungu hutokana na hilo, ilhali pumzi inayotoka polepole huutuliza moyo. Nawe kapimwe kwanza, maana kifua si kitu cha kubahatisha. Alisema pia kwamba hofu ya namna hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka. Kwa hiyo hutakiwi kupigana nayo. Poza uji tu mpaka ipite. Na ile kahawa yako ya vikombe vitatu kabla ya saa nne asubuhi, ipunguze.

Lakini usidhani mama yako aliutumia ujuzi huo kila ulipohitajika. Asubuhi ya mtihani wa hisabati, mwaka 2011, ulisimama mlangoni mikono ikitetemeka hata vifungo vya shati vinakushinda, nami, niliyepozeshwa uji na mtu nisiyemjua, nikakwambia, "Jikaze, wewe mtoto wa kiume." Ulitoka bila kunywa chai, shati limefungwa upande. Hatujawahi kulizungumza, ila lile shati naliona mpaka leo. Pengine ningekufundisha siku ile, leo usingeniuliza. Hapana, hayo ni majivuno ya mzazi kudhani kila kitu cha mwanawe kimeanzia kwake. Hata hivyo, kukuhesabia vifungo kulikuwa kunanigharimu nini?

Ndiyo maana nasema kupoza uji peke yako kunafaa, ila kukiwa na mtu wa kukuhesabia minazi kunafaa zaidi. Mtafute mmoja hapo ofisini, umwambie mapema, usingoje ukiwa umeshaanza kuhema.

Kuhusu kazi, jibu ninalo na ulimi unaniwasha. Nimeliandika mara mbili nikalikata, kwa sababu ukiifuata kauli yangu utakuwa umeamua kwa hofu yangu badala ya kwa yako. Niambie kwanza: hofu hiyo hukujia ukiwa mbele ya yule bosi tu, au hata Jumapili ukiwa kitandani? Nitajitahidi kunyamaza mpaka unijibu, ingawa shangazi yako anasema hatanipa siku tatu.

Mama yako