Msilipie Ndege Kabla ya Kusoma Karatasi Zake

Msomaji wa Ilemela ameniandikia kwamba yeye na wenzake wamepata ndege ndogo aina ya Cessna 206 iliyotumika, iko Marekani, na wanataka ibebe watalii wa Rubondo na watu wa migodi ya Geita. Muuzaji anadai malipo ya awali haraka, na amewatumia picha ya hati ya usajili. Ndugu zangu, msitume hela bado.

Hati ile haithibitishi umiliki. Sheria ya Marekani yenyewe inasema hivyo. Mwenye ndege hujulikana kwa mlolongo wa hati za mauzo zilizotunzwa na FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kule Oklahoma City. Agizeni faili lote mlisome jina kwa jina: aliyenunua hapa ndiye aliyeuza pale? Pengo hutokea kirahisi. Dalali alinunua akauza bila kupeleka hati yake. Kampuni iliuza, aliyesaini hakuandika cheo. Mwenye ndege alifariki, mtoto akasaini bila kuwa msimamizi wa mirathi. Yote yanarekebishika, ila kazi hiyo ni ya muuzaji, afanye kabla hela haijahama. Mkishalipa, dalali yule mtamtafuta wenyewe.

Faili hilohilo linaonyesha rehani. Mkopo uliolipwa zamani unaweza kuwa bado umeandikwa kwa sababu benki haikutuma hati ya kuiachia ndege. Benki ikiwa imemezwa na nyingine, iliyoimeza ndiyo inayosaini. Ikiwa ilifilisika, ulizeni FDIC, shirika la bima ya amana la huko. Neno la muuzaji kwamba "deni lilishaisha" halitoshi: bila hati hiyo, au ridhaa ya maandishi ya mwenye rehani, FAA haifuti usajili ili ndege iende nje. Na usipofutwa, TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, haitawapa 5H, yaani usajili wa Tanzania, maana Mkataba wa Chicago wa 1944, ibara ya 18, unakataza ndege kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja. Hata mkinunua Kisumu au Entebbe ni hivyohivyo, usajili wa 5Y (Kenya) au 5X (Uganda) ufutwe kwanza.

Mkifikiria Cessna Caravan, ndege kubwa zaidi yenye injini ya tabini, ongezeni upekuzi mwingine kwenye rejesta ya kimataifa ya Mkataba wa Cape Town, unaohusu haki za wadai juu ya ndege na injini; rejesta hiyo iko Dublin. Huko injini yenye nguvu ya farasi 550 au zaidi huandikwa peke yake. Bodi la ndege linaweza kuwa safi huku injini ikiwa na mdai wake. Injini ya 206 haifikii kiwango hicho.

Kisha njooni kwenye vitabu vya matengenezo, na hapa msione uvivu. Kuna cha bodi, cha injini na cha propela. Namba ya utengenezaji iliyo kitabuni ilingane na ya kwenye kibati cha kiwandani. Jumlisheni saa za kuruka ukurasa kwa ukurasa; zikishuka ghafla, kuna kitabu kimepotea au mita imebadilishwa. Kila agizo la lazima la usalama liwe na tarehe, saa na saini ya fundi mwenye leseni. Kwa injini nyingi za Continental IO-520, zinazokuwa kwenye 206 nyingi za zamani, kiwanda kinapendekeza ovahoo (kufumuliwa na kukarabatiwa upya) kila saa 1,700 au miaka 12, kwa hiyo injini ya saa chache iliyokaa miaka 20 si mpya hata kidogo. Kwenye PT6A, injini ya Caravan, diski za tabini zina kikomo cha mizunguko (kuwashwa, kuruka hadi kuzimwa): bila kumbukumbu tangu kiwandani hazitumiki tena, na bei yake inaweza kuvunja biashara nzima.

Malipo yapitie kwa mtu wa tatu anayeshika hela na hati kwa pamoja. Na kabla ya kufuta usajili, amueni ndege itakujaje. Ikishafutwa haina utaifa, hairuki. Ama ifunguliwe, iingie kontena hadi Dar es Salaam, ama mpate kwanza kibali cha maandishi cha TCAA cha kuirusha. Makadirio ya ushuru nayo yaombeni TRA, mamlaka ya mapato, mapema.