Trekta la Utotoni Lisikae Kabatini

Kwa miaka mingi trekta langu la utotoni lilikaa juu ya kabati, ndani ya sanduku, limeviringishwa kitambaa. Ni la chuma, jekundu, tairi moja la nyuma limelika upande. Mwanangu alipolifikia, akiwa na miaka mitano, nilimpokonya. Hakulia. Alikwenda akachukua kasha tupu la kiberiti, akalikokota sakafuni huku akinguruma kwa mdomo. Nilimtazama mpaka moyo ukaniuma, na siku hiyo hiyo nikalitoa trekta sandukuni.

Kama nawe umeweka kitu cha namna hiyo, mpe mtoto. Ila mpe pamoja na kisa chake, kwa sababu bila kisa hicho ni chuma tu.

Kisa cha langu ni cha tela. Trekta lilikuja peke yake, kwa hiyo kaka yangu akaliundia tela la mbao, kubwa kuliko trekta lenyewe mara tatu, na tukawa tunalikokota kwa kamba. Jioni moja tulilisahau karibu na banda likiwa na shehena ya nyasi kavu. Asubuhi tukamkuta tetea ameketi humo, kifua mbele, kama abiria aliyekwisha kulipa nauli. Kaka akavuta kamba. Tetea akaguna mara moja, akajipanga vizuri, safari ikaendelea. Tukazunguka banda zima naye. Aliposhuka aliacha yai, na kesho yake akarudi kituoni saa ile ile. Mayai yalipofika kumi akaanza kuatamia, na mama akapiga marufuku: tela lisiguswe. Kuku huatamia siku 21, nasi tulizihesabu zote. Vifaranga tisa walitoka, mama yao akawashusha mmoja mmoja, kisha akasimama pembeni akitutazama kana kwamba sisi ndio tuliochelewesha gari.

Nilipomsimulia mwanangu kisa hiki, alicheka hadi akakaa chini. Hakuuliza trekta ni la bei gani wala linafanya nini. Aliuliza jina la yule kuku.

Kabla hujampa, likague, na hapa usifanye haraka. Rangi za vitu vya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi ya namna hiyo kwenye vitu vya kuchezea mwaka 1978, kwa hiyo cha kabla ya hapo chenye rangi inayobanduka kiwe cha kutazamwa, kisifike kinywani. Usiikwangue mwenyewe, maana vumbi lake ndilo baya zaidi. Kama kina betri, fungua uangalie: betri iliyosahaulika huvuja ukoko mweupe. Vaa glavu, pangusa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha kabisa. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe chochote chenye kipande kinachoweza kung'oka na kumkaba.

Na usikipake rangi mpya. Nilikaribia kufanya hivyo, nashukuru sikufanya. Ile sehemu ya boneti iliyochubuka ndipo vidole vyangu vilipokuwa vikishika, na sasa vidole vya mwanangu vinashika papo hapo.

Matrekta haya yalizaliwa kwa ajili ya udongo. Mwaka 1945, katika mji wa Dubuque, jimbo la Iowa, Marekani, Fred Ertl alianza kuyatengeneza nyumbani kwake kwa kuyeyusha pistoni za alumini zilizotumika na kuimimina alumini hiyo kwenye kalibu za mchanga. Kipimo kilichozoeleka kwa matrekta ya aina hii ni 1:16, yaani sentimita moja ya trekta la kuchezea ni sentimita 16 za trekta la kweli. Mpe mtoto rula. Wangu alipima tairi la nyuma, akapata sentimita 10, tukazidisha, tukachora alama ukutani kwenye sentimita 160. Alisimama chini ya alama ile akaangalia juu, kimya kabisa.

Jambo jingine: shuka chini ucheze naye. Shamba la kuchezea halina raha bila milio, na mtu mzima aliyesimama hawezi kulia kama mbuzi ikapendeza. Kuna kile kikopo ukikipindua kinalia kama ng'ombe; ndani mna kizito kinachoshuka na kusukuma hewa ipite kwenye ulimi mwembamba. Tulikuwa nacho, na ndama wetu alikuwa akija dirishani kila kikilia, anasubiri maziwa. Leo sina kikopo hicho, kwa hiyo ng'ombe ni mimi, ndama ni mwanangu, na kila siku maziwa yanachelewa.

Juzi alitengeneza tela lake kwa boksi la viatu, akajaza vipande vya karatasi, akamweka kuku wa plastiki juu. Nilipotaka kulisogeza nipite, akanishika mguu.

"Baba, anaatamia."

Leo ni siku ya tatu. Boksi liko katikati ya mlango wa sebule, na sote tunaliruka.