Usiwape wakaguzi wastani wa moduli, nakuomba

Mkuu simamisha hilo jedwali lako la wastani hapohapo lilipofikia. Umeuliza mambo matatu: kama wastani wa alama za moduli pamoja na dodoso la wanaomaliza vinatosha kuwa ushahidi wa matokeo ya ujifunzaji (yale mhitimu anayotakiwa kuweza kuyafanya) kwenye diploma ya uuguzi, programu gani nzuri ya kutunzia data, na kama matokeo yote manane yapimwe kila mwaka au kwa zamu. Nimesoma la kwanza presha ikapanda. Mpango wako naujua, niliuandika mimi mwenyewe miaka kadhaa nyuma, tofauti ni kwamba wangu ulikuwa na rangi nyingi zaidi.

Jibu ni HAPANA, havitoshi.

Sisi tokeo letu mojawapo lilisema mhitimu ataweza kutoa dawa kwa usalama. Tukalifunga na moduli ya famakolojia, yaani mwanafunzi akipata 60 kwenda juu basi tokeo limefikiwa, asilimia ya waliofaulu inaingia kwenye ripoti, kiboksi kinapakwa kijani. Ikawa kijani kuanzia juu mpaka chini, mkuu wa idara akaichapisha kwa rangi akabandika ukutani na sisi tukapiga nayo picha, hizo picha nimeshazifuta kwenye simu.

Wakaja wakaguzi wa ithibati. Mmoja wao, mama mpole hivi, muuguzi wa siku nyingi, ripoti yenyewe hakuifungua. Akaomba makaratasi ya mtihani na jedwali la kutahini (linaloonyesha kila mada ina alama ngapi), akawa anafunua ukurasa wa hesabu za dozi peke yake, karatasi moja baada ya nyingine, haongei. Sasa kwenye mtihani wetu hesabu za dozi zilikuwa na alama 6 kati ya 100. Sita bwana! Mwanafunzi anaweza kukosa zote, akachukua 94 kwa kukariri makundi ya dawa na madhara yake, halafu sisi tunamhesabu kuwa anatoa dawa kwa usalama.

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida tu: mgonjwa apewe mililita 500 za maji ya dripu kwa saa 4, seti inatoa matone 20 kwa kila mililita, weka matone mangapi kwa dakika? 500 mara 20, gawanya kwa dakika 240, unapata kama matone 42. Kijana mmoja kasahau kugeuza saa kuwa dakika, kagawanya kwa 4 moja kwa moja, kapata matone 2500 kwa dakika na kalipigia jibu mistari miwili chini kabisa kwa kujiamini. Hiyo si dripu tena, hilo ni bomba limepasuka. Juu ya karatasi ana 78. Na wala hakuwa peke yake, waliokosa hesabu hizo walikuwa wengi kuliko waliopata, na karibu wote kwenye ripoti yetu walikuwa kijani.

Mama akanigeuzia karatasi, akauliza kwa sauti ya chini tu, "Na huyu naye mmesema amefikia?" Mimi nikainama kutafuta kalamu ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Tukapewa ithibati ya masharti, udahili ukasimamishwa, na wanafunzi waliokuwa wanasubiri kuhitimu wakarudishwa kupimwa upya tokeo kwa tokeo huku wazazi wanapiga simu usiku na mchana kuuliza kulikoni. Walimu nao likizo ikafa. Ukijumlisha muda na hela zilizokwenda pale ungeweza kununua wanasesere wapya wa maabara ya ujuzi na chenji ikabaki.

Na hapa niseme ukweli kuhusu aliyetuingiza kwenye hilo shimo, maana naona na wewe umeandika "mshauri ametuambia". Wa kwetu alikuja na slaidi nzuri, zile ngazi za kujifunza za Bloom za 1956 zote anazo kichwani, akatuambia alama mnazo tayari za nini kujichosha, chukueni wastani. Muuguzi hakuwa, wodini nadhani aliwahi kuingia kama mtu wa kuangalia mgonjwa tu. Fomu yake ilikuwa imetolewa kwenye chuo cha biashara, nilikuja kugundua baadaye kuna safu wamesahau kufuta imeandikwa "ujuzi wa mauzo". Alilipwa yote mapema, na wakaguzi walipoondoka simu yake ikawa haipatikani. Haya, tumesamehe. Hatujasamehe.

Kwa hiyo shika hii moja: kila tokeo lipimwe lenyewe, kwa kazi inayolionyesha hilo tokeo tu, na lisiruhusiwe kufidiwa na alama za kitu kingine. Alama ya moduli ina mahudhurio ndani, ina kazi ya kikundi ambayo mmoja kafanya wanne wakaandika majina, ina maswali ya kukariri, vyote vimekorogwa humo, huwezi tena kujua ni nini kimembeba mtu. Kama tokeo ni kutoa dawa kwa usalama basi hesabu za dozi zikae peke yake na kiwango chake peke yake (vyuo vingi huweka 90 au hata 100 kwenye hesabu, na hapo mwanafunzi anaruhusiwa kurudia), halafu umuone anatoa dawa kweli kwenye kituo cha OSCE, yaani mtihani wa vitendo ambao mwanafunzi anapita kituo kwa kituo na kila kituo kina kazi yake. Huu mtindo wa mtihani wa vituo si mgeni, Harden na wenzake, walimu wa udaktari kule Dundee, Uskoti, waliuandika mwaka 1975, sababu ileile kwamba mtihani wa kitandani wa zamani ulitegemea umepata mgonjwa gani na mtahini kaamkaje.

Na kwenye kituo usijumlishe kijinga pia. Tulipoanza sisi, mwanafunzi alikuwa anapata alama kwa kusalimia, kwa kujitambulisha, kwa kuvuta pazia, anafika 70 bila kuuliza jina la mgonjwa wala mzio wa dawa. Siku hizi kuna hatua tumeziwekea nyota, kuhakikisha ndiye mgonjwa mwenyewe, mzio, dawa sahihi, dozi, njia, muda, ukiruka yenye nyota umeanguka kituo hata kama ulisalimia kwa lugha tatu. Kiwango kiandikwe KABLA ya mtihani. Ukikiandika baada ya kuona alama utakishusha, usinibishie, wote tunashusha.

Hilo dodoso. "Najiamini kutoa dawa: nakubali sana." Yule wa matone 2500 alijaza nakubali sana, nimeiona fomu yake kwa macho haya. Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, mwaka 1990 alipanga ngazi zake nne za kupima umahiri, anajua, anajua namna, anaonyesha, anafanya, na dodoso halipo hata kwenye ngazi moja. Linafaa kukuambia maabara ina joto na mwalimu gani anachelewa. Liweke pembeni kama nyongeza, ila likisimama peke yake wakaguzi watakucheka, na watacheka kwa adabu, ambayo ndo mbaya zaidi.

Halafu umeandika mwishoni "na fomu za wodini tunazo". Zifungue uziangalie. Kama kila mtu ana 4 kati ya 5 kwenye kila mstari hizo fomu hazijapima kitu. Muuguzi wa wodini ana wagonjwa wengi, anakuja kujaza fomu mwisho wa zamu, kumwangusha kijana ni maelezo marefu na vikao, basi anampitisha. Kathleen Duffy alilitafiti hilo Uskoti, ripoti yake ilitoka 2003, wasimamizi wanapitisha wanafunzi huku wana mashaka nao. Dawa yake kwetu ilikuwa kuwaandikia tabia inayoonekana badala ya namba, mfano "anagundua mabadiliko ya hali ya mgonjwa na kutoa taarifa bila kusubiri kuambiwa", na kuwakalisha watahini wawili wawili waangalie video moja, kila mtu ajaze kivyake, halafu walinganishe. Mara ya kwanza mmoja kasema amefaulu vizuri sana, mwenzake kasema asiguse mgonjwa. Video ileile! Wakabishana mpaka chai ikapoa, na fomu iliyotoka kwenye ule ubishi ndiyo tunayotumia mpaka leo.

Kesho ukifika ofisini, kabla hujamjibu huyo mshauri, toa makaratasi ya famakolojia ya muhula uliopita, ziba jumla iliyoandikwa juu kwa kidole, nenda moja kwa moja kwenye maswali ya hesabu za dozi. Hesabu wangapi wamepata. Halafu uje hapa useme umekuta nini, tupo.