Usifunike sakafu iliyooza

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupigilia plaiwudi mpya juu ya sakafu inayobonyea karibu na mlango wa gari lako la zamani la kuishi. Nisingekushauri hivyo, kwa sababu ubao uliooza ukifunikwa hubaki na unyevu, na kutu huendelea kula fremu ya chuma iliyo chini yake bila kuonekana. Tafuta kwanza maji yanakoingilia, mara nyingi kwenye maungio ya paa na kingo za madirisha. Kisha fungua sakafu mpaka ufikie mbao zisizooza, ugonge vyuma vya fremu kwa nyundo, na panapomeguka pakatwe na kuchomelewa chuma cha unene uleule, gari likiwa juu ya stendi imara, si jeki pekee. Kabla ya kuchomelea, tenganisha betri na uondoe mitungi ya gesi.