Sambaza wa Ziwa Kivu: namna ya kumchagua na kumkaanga

Kwetu Bukavu, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, sambaza, samaki mdogo wa ziwani, ni kitoweo cha kila siku, na pengine ndiyo sababu wengi humnunua bila kumtazama. Nawashauri mjue kwanza anavyoishi ziwani, maana ukishalijua hilo, kazi ya sokoni na ya jikoni inakuwa nyepesi.

Samaki huyu, ambaye wataalamu humwita Limnothrissa miodon, ni mgeni Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kwa kuwa katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Kivu ina kina cha mita zipatazo 485, lakini hewa ya oksijeni haishuki zaidi ya mita 70 hivi; chini ya hapo yamelala maji mazito yenye methani na kaboni dioksidi, ambamo samaki hawezi kuishi. Maisha yote ya sambaza yamo katika tabaka hilo jembamba la juu.

Usiku makundi hupanda yakiwafuata vijidudu, na hapo wavuvi, waliokwisha kuunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa na kuwavuta samaki hadi juu ya wavu. Kwa hiyo mimi hutazama mwezi kabla sijatoka na kikapu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti tena, samaki huwa haba, bei hupanda, na ni rahisi kuuziwa waliolala tangu jana. Siku za giza ndizo za kula sambaza wabichi.

Sokoni, iwe Kadutu au kwingine, tazama tumbo kabla ya jicho. Sambaza huvuliwa akiwa ameshiba, na akishakufa, maji ya tumboni huendelea kuusaga mwili wake mwenyewe, hata ngozi ya tumbo ikapasuka. Ukiona matumbo mengi yamefunguka na rangi ya fedha imefifia, mshukuru mama muuzaji kwa heshima, kisha upite.

Jambo moja naomba lizingatiwe sana. Sambaza huzaa karibu na ufuko, na watoto wake hukulia hapo kabla ya kuhamia maji ya wazi. Fungu la vijisamaki vyembamba kama sindano limetokana na nyavu za matundu madogo zinazokokotwa ufukoni, na ndani yake wamo samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Usilinunue, hata likiwa la bei nafuu. Wavu huo huishi kwa fedha zetu sisi wanunuzi.

Nyumbani, waoshe kwa maji baridi yenye chumvi, wakubwa uwaminye tumbo kutoa uchafu, kisha uwaache wachuruzike hadi wakauke kabisa, kwa sababu samaki mwenye maji huyapoza mafuta na kulainika badala ya kukauka. Makala, yaani makaa, yakishika moto vizuri, weka mafuta mengi, tia samaki wachache kwa mara moja, na usiwageuze mpaka ngozi ishikamane. Wakiiva, mlio wa mafuta hupungua na mikia hukakamaa. Ndimu na pilipili hufuata mezani, pamoja na bugali wa moto, na samaki huliwa mzima, kichwa na mifupa, ambamo kalisi yake imo kwa wingi.

Waliokaushwa juani nao wana ladha yao, nzito zaidi, inayofaa sana ndani ya sombe, yaani kisamvu. Wapepete kwanza kuondoa mchanga, uwaloweke kwa muda mfupi katika maji ya uvuguvugu, na uwatie sombe ikikaribia kuiva, wasije wakasagika wote.