Sindano ya mgonjwa imekuchoma jana? Nenda leo

Pole sana mdogo wangu. Umesema sindano ilikuchoma jana jioni ukimtoa mgonjwa damu hapo zahanati ya Chamwino, na unaona aibu kumwambia mfawidhi. Mwambie leo hii. Ajali kazini si kosa la kufichwa, na inatakiwa iandikwe.

Kubwa kwako sasa ni muda. Dawa za kukukinga na VVU baada ya ajali, ziitwazo PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Usisubiri majibu ya mgonjwa. Kama hapo hazipo, panda gari uje Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Dodoma mjini. Utapimwa VVU kwanza, kisha utameza dawa siku 28 bila kuruka. Kichefuchefu kikikuzidi, rudi kwa daktari, usiache mwenyewe.

Ulizia pia homa ya ini B. Wengi tunaisahau, ilhali kwa asiyechanjwa inaambukiza kwa urahisi kuliko VVU. Kwa VVU, hata mgonjwa akiwa nao na asiwe kwenye dawa, ni kama watu 3 kati ya 1,000 wanaochomwa ndio huambukizwa.

Kusubiri ndiko kunakochosha, najua. Nimekaa na wauguzi wenzangu waliokosa usingizi kabisa. Utarudia kipimo baada ya wiki 6, halafu miezi 3. Kwa sasa tumieni kondomu, usichangie damu, na kama unanyonyesha mweleze daktari. Ukipata homa, vipele au macho ya njano, usingoje tarehe.