Ethi ya redio ya masafa mafupi: mngurumo unatoka kwenye soketi

Ukiunga ethi ya redio (waya wa kwenda ardhini) kwenye pini ya ethi ya soketi, mara nyingi utapata mngurumo: waya ule hubeba kelele za chaja na taa za LED za nyumba nzima. (Ethi ya soketi usiikate lakini, ni ya usalama.) Pigilia fimbo ya shaba ya mita 1.5 hadi 2 kwenye udongo wenye unyevu, chini ya dirisha, ufunge waya mnene kwa klampu. Kuuzungushia tu hakutoshi, kutu huingia. Wengi hukosea urefu: waya wa ethi wa mita 5 ni robo ya urefu wa wimbi kwenye 15 MHz, kwa hiyo hapo unageuka antena. Usiunge ethi kwenye bomba la gesi. Dalili za radi zikianza, chomoa antena. Fimbo hiyo haikingi redio.